Mbegu Isiyoingia Udongoni



Mkulima wa Mgeta ajua mbegu ni nini. Huchimba matuta katika mteremko wa Uluguru, hupanda njegere na kabichi, hupalilia, hungoja mvua, kisha mzigo hushushwa kwa taabu mpaka sokoni Morogoro. Akiambiwa kwamba yuko mtu apandaye asubuhi na kuvuna jioni bila jembe, atacheka. Lakini siku hizi maneno hayo yamfikia kwa simu ya mwanawe: fanya kazi nyumbani, ulipwe kila siku. Kazi yenyewe ni kutazama picha na kubonyeza. Ila kwanza alipe kiingilio. Kisha alete wenzake.

Hila hii si ngeni. Wengi wakumbuka DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009. Humo kutoa fedha kuliitwa kupanda mbegu, na kulipwa kuliitwa kuvuna. Maneno ya Injili yalitiwa katika upatu (wala si upatu ule wa heshima wa akina mama wanaojuana), na viongozi wake wakatiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu mwaka 2013. Mapema mwaka 2025 ikavuma LBL: watu walitoa fedha, wakaahidiwa ujira kwa kutazama vipande vya sinema. Kwa muda walilipwa. Halafu malipo yakakatika, na polisi wakawakamata baadhi ya waliohusika.

Je, faida ile ilitoka wapi? Hakuna kilicholimwa wala kilichouzwa. Ilitoka mfukoni mwa yule aliyeingia nyuma. Basi aliyelipwa huenda alilipwa kwa karo ya mtoto wa jirani yake. Na mwaliko wenyewe mara nyingi hauletwi na mgeni, bali na shangazi, au mama wa ubatizo, au mwenzetu wa jumuiya ndogondogo, katika kundi lilelile la simu litangazalo misa ya marehemu.

Amri ya saba haikatazi wizi wa usiku peke yake. Aliyeingia bila kujua hana hatia ya mwizi. Lakini akiisha kujua, mali ile haiwi yake kwa kuwa tu ilipita katika simu. Zakayo hakungoja kushtakiwa. Aliahidi mbele ya Bwana kurudisha mara nne. Sisi hatudai mara nne. Aliyemwingiza ndugu yake, akapata fungu kwa ajili hiyo, amwendee juma hili, amwambie kweli, na kama hana zote, aanze na shilingi elfu kumi.