Nani Anadaiwa Chakula cha Mtoto wa UPE?



Ndugu zangu, hivi karibuni nilikwenda kujitolea kufundisha dini katika shule moja ya msingi ya serikali hapa Kampala. Kengele ya mchana ilipolia, baadhi ya watoto walichukua sahani zao wakaenda kupokea posho na maharage. Wengine walikwenda bombani, wakanywa maji, kisha wakarudi kulaza vichwa juu ya madawati. Wazazi wao hawakulipa pesa ya chakula. Mchana ule nilifundisha udhu, na nusu ya darasa ilikuwa inasinzia. Njaa mwana malegeza.

Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE, ulianza mwaka 1997. Kwa mwaka mmoja tu wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Hiyo ni neema. Lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inasema chakula ni jukumu la mzazi. Basi mzazi asipoweza, au asipojali, nani anadaiwa?

Wengine husema: serikali. Ni kweli, mtawala ataulizwa juu ya raia wake, na tusichoke kumkumbusha. Wengine husema: mzazi. Ni kweli pia, matunzo ya mtoto ni wajibu wa baba. Lakini majibu yote mawili yanaeleza nani mwenye kosa, na mtoto bado hajala.

Tazameni tunavyofanya kwa maiti. Mgeni akifia mtaani kwetu, hatungoji kwanza tujue nani alipaswa kumgharimia. Tunamkosha, tunamkafini, tunamsalia na kumzika. Ni fardhi kifaya: wachache wakitekeleza, wengine wamesalimika, wote wakiacha, wote wamepata dhambi. Ikiwa maiti hasubiri, mtoto aliye hai atasubiri vipi?

Kuna hoja nzito: tukiwalisha wasiolipa, hata wenye uwezo wataacha kulipa. Huenda wengine wakaacha. Basi mwenye uwezo adaiwe yeye mwenyewe, hata kwa gunia la mahindi wakati wa mavuno. Kumnyima mtoto sahani ili kumshika baba yake ni kumbebesha mtoto mzigo wa mwingine, na dini yetu haikubali hilo.

Njia tunayo. Kibuli ilisimama kwa sababu Mwanamfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi yake kwa ajili ya msikiti na shule. Sisi hatuna vilima, lakini kila msikiti ulio jirani na shule ya UPE unaweza kuweka waqfu wa sufuria moja, na jumuiya yetu ikachangia unga na maharage kila muhula. Wale wote wa shule, Waislamu na wasio Waislamu. Na majina ya wasiolipa yasisomwe mbele ya wenzao: sufuria moja, foleni moja.

Sisi tunapofunga tunatia nia, na magharibi tunajua futari ipo. Mtoto yule hakutia nia, wala hajui kama nyumbani kuna kitu. Tusimwache afunge saumu ambayo hakufaradhishiwa.

Wabillahi tawfiq.