Sadaka si Mchango wa Harusi

Kamati yetu inajadili jambo ambalo wenzangu wanaliona la kiufundi, na mimi naliona la dini: siku tutakayowaomba watu fedha mtandaoni, tutangaze majina ya waliotoa, au tusiyatangaze?

Tunaendesha nyumba ya kufikia wagonjwa wa saratani jijini Dar es Salaam. Mgonjwa anayetoka Newala au Tunduru kuja kupigwa mionzi mara nyingi halazwi. Anaingia kwenye mashine dakika chache, anaambiwa arudi kesho, na inakuwa hivyo siku tano za wiki, kwa wiki kadhaa. Asiye na ndugu mjini, kati ya leo na kesho hiyo atalala wapi? Ndiyo kazi ya nyumba yetu: vitanda, vyandarua, jiko, mama anayepika uji laini kwa wale ambao koo limekataa kumeza, na bajaji ya asubuhi ya kwenda hospitali. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na muda wake umekaribia. Mimi ni mwalimu mstaafu, mhazini wa kamati hiyo. Mwenye daftari ndiye anayeijua njaa ya mfuko.

Vijana wetu wakaja na mpango wa siku moja ya kuchangia: lipa namba moja, saa 24, ujumbe mfupi wa video kila baada ya saa kadhaa, na hesabu inayopanda mbele ya macho ya watu. Walitaka tuifanye ile Jumanne ya Kutoa, iliyoanzia New York mwaka 2012 katika kituo cha jamii kiitwacho 92nd Street Y, na ambayo leo inafanyika katika nchi nyingi. Siku yenyewe nimeikubali, Jumanne sikuikubali. Wamarekani waliiweka hapo kwa sababu inafuata siku zao za manunuzi makubwa baada ya sikukuu ya Shukrani. Ina maana kwao. Kwetu mtu hutoa mshahara ukiwa umeingia na ada ya shule bado haijaumaliza. Tukaafikiana Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na dada yetu Mlutheri, muuguzi mstaafu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono Ijumaa.

Ubishi ulianza kwenye orodha.

Kila mwenye simu Dar anaijua orodha ya mchango wa harusi. Namba, jina, ahadi, alicholipa, baki. Inabandikwa kila jioni kwenye kundi la WhatsApp, na tiki ya kijani kwa waliomaliza. Ambaye hana tiki anajua kwamba shangazi zake wote wanamwona. Orodha hiyo ina nguvu ya ajabu, na vijana wetu walitaka tuitumie. "Mwalimu," kijana wetu wa mitandao akaniambia, "bila majina hela haiji. Watu wanatoa wakionekana." Sikumkatalia kwamba watu wanatoa wakionekana. Nimechangia harusi maisha yangu yote na najua hivyo ndivyo ilivyo.

Lakini mchango wa harusi ni deni la haki kabisa. Leo ninamwozea mwanao, kesho utaniozea wangu, na daftari la leo ndilo nitakalofungua kesho kuona nani alinishika mkono. Majina yameandikwa kwa sababu kuna kulipana. Hakuna aibu hapo; jamii nzima imesimama juu ya kulipana huko. Mama wa Tunduru anayelala kwenye kitanda chetu hatamlipa mtu. Hatamjua hata aliyemlipia kitanda. Tukichukua daftari la madeni tukaliweka kwenye sadaka, tunaigeuza sadaka iwe deni, na kwa kuwa mgonjwa hawezi kulilipa, atalilipa nani? Atalilipa kwa sura yake, kwa shukrani atakazotakiwa kuzitoa mbele ya kamera, kwa unyenyekevu. Katika sura ya al-Baqara Mwenyezi Mungu anasema kwamba masimbulizi na udhia huibatilisha sadaka. Masimbulizi hayahitaji ulimi. Orodha inaweza kusimbulia kwa niaba yetu, usiku na mchana, hata sisi tukiwa tumelala.

Dada yetu muuguzi alikumbusha kwamba katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Yesu anawakataza wafuasi wake kutoa ili watazamwe na watu. Nami nikakumbusha hadithi ya watu saba watakaopewa kivuli Siku ya Kiyama, mmoja wao akiwa mtoaji wa siri. Musa bin Maimun, tabibu na mwanachuoni wa Kiyahudi aliyeishi Misri karne ya 12, alizipanga sadaka katika daraja nane, na karibu na kilele akaiweka ile ambayo mtoaji hamjui mpokeaji, wala mpokeaji hamjui mtoaji. Alitaja chumba cha siri kilichokuwa katika Hekalu la Yerusalemu: wenye nacho wakiingia kimya wakaacha, na watu wa nyumba nzuri waliofilisika wakiingia kimya wakachukua. Nikafikiri kwamba lipa namba, kama tungetaka, ingeweza kuwa chumba hicho.

Hata hivyo siamini kwamba siri ndiyo hukumu ya mwisho. Kurani yenyewe, katika aya ya 271 ya al-Baqara, inaisifu sadaka ya dhahiri kwanza, kisha ndipo inasema ya siri kwa mafukara ni bora zaidi. Na kuna kisa ambacho kila kamati ya michango ingekisoma kabla ya kufungua ajenda. Kimo katika Sahihi Muslim, amekisimulia Jarir bin Abdillah.

Asubuhi moja Madina waliingia watu wa kabila la Mudhar, karibu uchi, wamejifunga nguo za sufi zilizotobolewa, panga begani. Mtume alipoona hali yao uso wake ulibadilika. Akaingia ndani, akatoka, akamwamuru Bilal aadhini. Baada ya sala akahutubia, akawataka watu watoe katika dinari zao, dirhamu zao, nguo zao, vibaba vyao vya ngano na vya tende, hata iwe nusu ya tende. Ndipo akainuka mtu mmoja katika Ansari, wenyeji Waislamu wa Madina, akaja na mfuko mzito uliokuwa unaushinda mkono wake. Baada yake watu wakafuatana, hadi yakasimama malundo mawili, la chakula na la nguo, na uso wa Mtume ukang'aa. Hapo ndipo aliposema juu ya malipo ya anayeanzisha jambo jema na wengine wakamfuata.

Hiyo ilikuwa harambee ya siku moja, na ilifanyika hadharani. Mtu wa kwanza angeuficha mfuko wake, huenda malundo yasingesimama. Imamu Ghazali, katika kitabu cha siri za zaka ndani ya Ihya, anaisisitiza siri, kisha anaruhusu kudhihirisha pale mtu anapojua kwamba wengine watamwiga, naye ailinde nia yake. Basi nimekuwa nikikirudia kisa hiki, na kila nikikirudia nasimama pale pale: aliyeleta mfuko anaitwa mtu katika Ansari. Jarir anataja kabila la wenye shida, anataja nguo, panga, malundo mawili na rangi ya uso wa Mtume. Jina la mtoaji hakulitaja. Kitendo kilionekana, kikafanya kazi yake, na jina halikuhitajika.

Hilo ndilo nililowaambia wenzangu. Watu wanafuata mfuko. Jina la aliyeubeba ni la nini?

Na tukiandika majina pamoja na kiasi, yupo atakayeumia bila kosa. Wanachuoni wameeleza kwamba aya ya 79 ya sura ya at-Tawba iliteremka kwa sababu ya wanafiki waliokuwa wanawasema watoaji pande zote mbili. Aliyeleta kingi walimwambia ni ria. Abu Aqil alileta nusu ya pishi ya tende, wakasema Mungu hana haja na kitu kidogo hivyo. Natazama orodha yetu ya mfano, laki tano juu, elfu mbili chini, na ninajua wapo wauza mihogo wa mtaani kwetu ambao wangetoa hiyo elfu mbili kwa furaha kama isingesimamishwa chini ya laki tano. Wakiona orodha watanyamaza. Tutakuwa tumewafungia mlango wa thawabu kwa ajili ya kumsifu mwenye laki tano.

Kijana wetu hakukubali kirahisi, na swali lake ndilo lililoninyima usingizi. Alisema: "Kodi isipotimia, Mwalimu, kuna mgonjwa atarudi kijijini dozi haijaisha." Ni kweli. Mionzi iliyokatizwa katikati humpa ugonjwa nafasi. Madaktari wanalisema hilo kila siku. Kwa hiyo ninapodai nia iwe safi, nani anaulipia usafi huo? Mimi nitalala kwangu Magomeni dhamiri ikiwa tulivu, na mwanamke wa Newala atapanda basi na nusu ya matibabu. Sina ruhusa ya kununua utakatifu wangu kwa mwili wa mtu mwingine. Ingekuwa hakika kwamba bila orodha kitanda kitakosekana, ningesema majina yaandikwe, nasi tumwombe Mungu msamaha. Lakini hakika hiyo hatuna. Tunayo mazoea ya vikao vya harusi tu, na sadaka ina milango yake ambayo hatujaibisha.

Mlango mmoja ulifunguka wenyewe. Mfanyabiashara mmoja aliahidi kutulipia shilingi kwa kila shilingi itakayochangwa siku hiyo, hadi nusu ya kodi, na vijana wakawa wameshatengeneza tangazo: changia sasa, mchango wako unakuwa mara mbili. Nilimpigia simu. Nikamuuliza, je, wasipochanga, hutatoa? Akasema atatoa tu, ameweka nadhiri kwa ajili ya marehemu mama yake, na angependa asitajwe. Basi mchango wa mtu mwingine hauzidishwi na chochote; tangazo lile lingekuwa uongo, na sadaka haijengwi kwa uongo hata ukiwa wa kuvutia. Tumelifuta. Badala yake, Ijumaa hiyo alfajiri tutasema ukweli wenyewe: kuna mtu amekwisha kutoa nusu ya kodi, imebaki nusu. Huo ni mfuko wa Ansari umewekwa chini mbele ya watu, na aliyeuleta hana jina.

Kuhusu saa 24 sina ugomvi mrefu. Mwanadamu huahirisha, na siku maalumu humsaidia kutimiza alichokwisha kukikusudia. Ramadhani na Kwaresima zinatufundisha hivyo. Ila hatutasema nyumba itafungwa usiku wa manane, kwa sababu haitafungwa.

Picha ndiyo iliyonipa uchungu zaidi. Yupo mama aliyekuwa na uvimbe shavuni, na kijana akawa ameshampiga picha. "Amekubali," akaniambia. Nami naamini alikubali. Lakini mtu anayelala kitandani mwako, anayekula uji wako, anayesubiri bajaji yako kesho asubuhi, atakuambiaje hapana? Watu wa Mudhar walionekana na wote msikitini, hilo nalijua, na kijana alinikumbusha. Wao walikuja kwa miguu yao na panga zao, wakasimama mbele ya watu waliokuwa tayari kuwavisha, na jioni walikuwa wamevaa. Hakuna aliyewabakiza uchi wao kwenye simu elfu kumi. Mama yule atapona, Mungu akipenda; atarudi kulima korosho, mjukuu atapata simu, na picha itakuwa bado ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya ya mtu katika taarifa nyeti, na ni vizuri serikali imeliona hilo, ingawa adabu ilipaswa kutuzuia kabla ya sheria.

Tumekubaliana hivi. Hatutatumia sura ya mgonjwa yeyote aliyemo nyumbani. Muuguzi wetu atawapigia simu waliokwisha kumaliza matibabu na kurudi kwao, watu ambao hawatuhitaji tena, awaulize kama wangependa kusema neno. Atakayetaka atarekodi sauti yake mwenyewe, kwa Kimakonde au kwa Kiswahili, bila sura kama hataki. Atakayekataa hataulizwa sababu. Wawili wameshasema watapenda sana, na mmoja ametaka watu waambiwe kwamba uji wa pale ulikuwa mtamu.

Tutakachokianika ni hesabu yetu. Jumla iliyoingia, idadi ya waliotoa, makato ya mtandao, kodi iliyolipwa na risiti yake, mafuta ya bajaji, magodoro. Mimi mhazini jina langu litakuwa chini ya karatasi hiyo, kwa sababu amana ndiyo inayotaka jina. Anayechangisha aonekane, aulizwe, akaguliwe. Anayetoa aachwe na Mola wake, na anayepokea aachwe na heshima yake.

Ninawaomba wenzangu wa kamati nyingine, za misikiti, makanisa na vikundi vya mtaani, mnaopanga siku kama hii: kabla hamjabandika orodha ya majina, jiulizeni mnakusanya sadaka au mnadai madeni. Na kabla hamjatuma picha ya mwenye shida, msubirini mpaka awe na uwezo wa kuwakatalia, kisha ndipo mmwombe.