Huzuni ya Aliyepigwa na Kiharusi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Enyi ndugu Waislamu wa Navakholo! Katika miji yetu, kati ya mashamba ya miwa, wamo wazee waliopigwa na kiharusi wakanusurika. Mkono umelegea na ulimi umekuwa mzito. Lakini kuna pigo la pili lisiloonekana kwa jicho. Mzee hapati usingizi, chakula hakimpiti, machozi humtoka bila ya sababu, na aliyoyapenda jana leo hayana ladha kwake. Jirani mmoja husema, "Imani yake imepungua." Mwingine husema, "Ana jini." Maneno yote mawili ni dhulma.

Kiharusi ni damu kuzuiwa isifike katika sehemu ya ubongo, au mshipa kupasuka humo. Basi kilichojeruhiwa ni kile chombo ambacho kwacho mtu hufurahi na kuhuzunika. Matabibu huyaita maradhi haya sonona, nao wameona ya kuwa huwapata karibu mtu mmoja katika kila watatu waliopigwa na kiharusi. Je, tuseme thuluthi nzima ya wagonjwa hawa hawana imani? Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume wa Mungu.

Wala elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 (322 Hijria), aliigawa huzuni mafungu mawili: yenye sababu ijulikanayo, na isiyojulikana sababu yake, ambayo asili yake imo mwilini; na hii alitaka itibiwe kwa dawa za mwili.

Bwana Mtume ametuamrisha tujitibu. Basi mpelekeni mgonjwa hospitali, hapa Navakholo au Kakamega, mkamweleze tabibu khabari za moyo wake kama mnavyoeleza za mkono wake. Dawa zipo, huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake, wala haifai kuziacha ghafula. Yapo pia mazungumzo na mshauri, na mazoezi ya viungo. Ama mwenye kumvika hirizi akamkataza vidonge vya shinikizo la damu, huyo amemfungulia mlango wa kiharusi cha pili. Dua na Qurani hazigombani na dawa.

Asiyeweza kusema, tazameni usingizi wake na chakula chake. Asiyeweza kusimama, aswali amekaa, na akishindwa, kwa ubavu. Wala asifichwe nyumbani. Akisema heri afe, msimkemee wala msimwache peke yake: mpelekeni kwa tabibu siku ile ile. Na mke au binti anayemuuguza apokewe mzigo, kwani naye huchoka.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atuepushe na ndimi zenye kuwaongezea maumivu. Amin.