Tabaka za Maana katika Maandishi ya Lori

Katika Iyunga, eneo la Jiji la Mbeya linalopitiwa na barabara kuu iendayo Tunduma mpakani mwa Zambia, sanaa ya mtaani ni pamoja na ile inayosafiri, yaani maneno yanayochorwa kwenye malori na bajaji, kama vile "Mungu ni Mwema". Swali la kifalsafa ni iwapo usemi mfupi kiasi hicho unaweza kubeba maana kadhaa bila msomaji kuubambikia yasiyokuwamo.

Wanateolojia walikwisha kulitafakari jambo hili. Mtawa John Cassian, aliyeandika katika karne ya 5, alitofautisha maana nne za Maandiko: ya kihistoria, inayoeleza lililotukia, ya kiistiari, inayofumba siri ya imani, ya kimaadili, inayoongoza mwenendo, na ya kimbingu, inayolenga hatima ya mwanadamu. Wanazuoni wa Kiislamu nao wamejadili dhahiri, yaani maana iliyo wazi, na batini, yaani iliyofichika. Kwa kipimo hicho, maneno ya lori yanaweza kusomwa kuwa shukrani ya mwenye chombo, dua ya dereva anayeukabili mteremko wa Kitonga mkoani Iringa, na onyo kwa yeyote aendeshaye ovyo huku akibeba jina la Mungu.

Hata hivyo, batini isiyoshikamana na dhahiri ni dhana tupu. Kwa hiyo mfasiri hana budi kuanza na maneno yenyewe, chombo na barabara, ndipo aiendee imani.