Kuporomoka kwa Ndani: Kadari na Wajibu

Kitu huporomoka kwa ndani kinaposhindwa kubeba uzito wake chenyewe. Mkoani Singida jambo hili hujulikana zaidi kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Huko Sekenke, wilayani Iramba, dhahabu imechimbwa tangu enzi za Wajerumani, na ndiyo iliyotumika kutengeneza sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916.

Duara (shimo la mgodi) hushikiliwa na nguzo za mwamba ambazo hazijachimbwa, pamoja na matimba, yaani magogo yanayoegemeza kuta. Mvua ikinyesha, udongo huwa mzito na mshikamano wake hulegea. Matimba nayo huoza. Mchimbaji anayefuata dhahabu akimega nguzo, mzigo wake huhamia kwenye nguzo zilizobaki. Hayo huweza kuchukua miezi, lakini duara hutitia mara moja. Aliye nje huona ajali ya ghafla, ingawa sababu zake zimekuwa zikijengeka muda mrefu.

Maandiko ya dini yameligusa suala hili la kuporomoka kwa njia mbili. Katika Qurani, Sura ya 34, aya ya 14, Nabii Suleimani amekwisha kufa, lakini majini hawakutambua mpaka mdudu wa ardhini alipoila fimbo yake naye akaanguka. Anguko lilidhihirisha kifo kilichokwisha kutokea. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na kukanusha kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Simulizi ya kwanza inaonyesha kwamba anguko linaweza kuchelewa kuliko chanzo chake. Ya pili inakataza kumhukumu aliyefikwa na maafa.

Nafsi nayo huweza kuporomoka hivyo. Madeni, msiba usioliliwa au imani iliyokauka humla mtu taratibu, huku jamaa wakiendelea kumtegemea. Siku akishindwa, husemwa kuwa jana tu alikuwa mzima. Tofauti na mwamba, binadamu anaweza kueleza mzigo wake, iwapo yupo wa kumsikiliza.

Kuamini kadari, yaani kwamba Mungu amekwisha kupanga yote, hakuondoi wajibu wa kuzuia anguko. Muumini anaweza kukubali kwamba ajali imeandikwa, na bado akawajibika kukagua matimba kabla ya kushuka shimoni na kumjulia hali jirani kabla hajaanguka.