Mtoto Si Jongoo

Wazee wetu walikuwa na methali kali kwa ubaya usiovumilika: tupa jongoo na mti wake. Jongoo akishatupwa, hata kijiti ulichombebea hukirudishi ndani. Lakini wazee hao hao, mkosaji alipokuwa mtoto, walibadili kauli: mtoto akikunyea mkono huukati, unaunawa. Methali mbili, moja ya kutupa na moja ya kunawa. Mlezi anayezichanganya huishia kumtupa mtoto na kumbakiza jongoo.

Jambo hili nimelikumbuka kwa sababu ya mtundu mmoja wa Kijapani. Tangu Oktoba 1988, televisheni ya Japani imekuwa ikionyesha katuni ya Anpanman, shujaa ambaye kichwa chake ni mkate uliojazwa maharagwe mekundu matamu. Akikutana na mwenye njaa, humega kipande cha uso wake akampa ale. Adui yake ni Baikinman, na kwa Kijapani baikin ni vijidudu vya uchafu na maradhi. Ni mweusi, ana vipembe viwili, na alianguliwa katika yai lililodondoka kutoka angani akiwa mtoto mchanga. Mwili ulikua, utukutu haukumtoka. Hata kicheko chake ni cha darasa la kwanza: "Ha-hi-fu-he-ho!" Ni kama mtoto wetu anayeimba ha-he-hi-ho-hu ubaoni huku mkono wake umo kwenye mfuko wa mwenzake.

Vituko vyake vinajulikana. Huvamia watu wakila, akanyakua chakula. Hujibadilisha sura ili adanganye. Hummwagia Anpanman maji au kumpaka tope usoni, maana mkate ukilowa au kuchafuka nguvu humwishia. Basi Mzee Jamu, mwokaji, huoka kichwa kipya, kikarushwa hewani na kutua mahali pake. Shujaa akishapata uso mpya, hupiga ngumi moja tu, na Baikinman hurushwa mbinguni akipiga kelele "Bai-baikin!", yaani kwaheri kwa mtindo wa vijidudu. Safari ijayo yuko palepale, na mashine nyingine aliyoiunda kwa mikono yake.

Sasa tazama kichekesho chenyewe. Baikinman huiba chakula katika mji ambao chakula hugawiwa bure. Angesema "naona njaa", Anpanman angemmegea uso kama anavyowamegea wengine. Mbona basi anaiba? Yeyote aliyewahi kulea anajua jibu. Mtoto anaweza kuwa ameshiba, na bado akadokoa nyama jikoni, kwa sababu anayeomba hupewa nyama peke yake, na anayedokoa hupewa nyama na macho ya nyumba nzima. Utundu mwingi ni ombi lililokosa maneno. Na huyo huyo jeuri, akirudi kwenye ngome yake, hutumwa huku na kule na Dokinchan, kijidudu cha kike chenye makeke, akahangaika kumtafutia kitu cha kumpendeza. Mtoto tunayemwita shetani wa mtaa huenda kwao ndiye mchota maji.

Aliyewabuni Anpanman na Baikinman, Takashi Yanase, hakuwa mtu wa kuchezea neno wema. Alizaliwa mwaka 1919, akachukuliwa jeshini, akapelekwa China, akaionja njaa. Mdogo wake alifia vitani. Vita vilipokwisha, mambo yaliyoitwa haki jana yakaitwa makosa leo. Akabaki na haki moja isiyogeuka upande wowote ule: kumlisha mwenye njaa. Kitabu cha picha cha Anpanman kilipotoka mwaka 1973, watu wazima walikunja uso kwa shujaa anayeliwa kichwa. Watoto ndio waliompenda. Mtu aliyekwisha kuona watu wazima wakiuana kwa jina la haki hakutaka adui wa katuni yake auawe. Alitaka arushwe, achafuke, aone haya, arudi.

Hapo ndipo ninapoona busara inayofanana na ya wahenga wetu. Ngumi ipo, na ni ya haki. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mji usiomkemea mwizi wa mikate utalala njaa. Lakini ngumi ile ina kipimo. Inamrudisha mtukutu kwake, haimfutii njia ya kurudi. Na kitu anachokichukia Baikinman kuliko vyote ni sabuni, usafi tu. Wanaomjua mtoto wanajua maana yake: dawa yake ni kunawishwa, na kunawishwa hakupendezi, lakini hakuui.

Tena mwulize mwoka mikate. Unga usio na hamira hutoa mkate mgumu usioumuka, na hamira yenyewe ni kijidudu. Shujaa wa mkate na adui yake kijidudu wametoka jiko moja. Ukali ule ule unaochachusha na kuharibu, ukiwekwa kwa kiasi na kwa wakati wake, ndio unaoumua. Mtoto aliyebuni njia kumi za kudokoa sukari ana akili ya njia kumi. Kinachosubiriwa ni mtu wa kumwonyesha unga.

Watengenezaji wa katuni hiyo waliliona hilo. Katika filamu ya mwaka 2024, Baikinman aliingizwa ndani ya kitabu cha picha akawa yeye shujaa, akimsaidia Lulun, kiumbe mdogo mwoga wa msituni. Ukaidi ule ule uliomfanya ashindwe na kurudi kila mara ndio uliomfaa huko. Hakujifunza tabia mpya. Alipewa kazi inayolingana na tabia yake.

Basi, mzazi, mwalimu, jirani: kesho mtukutu wako atakaporudi na tope miguuni na embe la watu mkononi, mkemee, embe lirudishwe kwa mwenyewe na aombe radhi. Kisha mpe maji anawe, umpe na kazi. Jongoo utupe na mti wake. Mtoto mwachie mlango wazi.