Jina la Baba na Jina la Mume



Mwalimu mmoja wa sehemu za Mpanda ametuletea neno, akiomba tulijibu katika kurasa hizi. Binti mmoja wa usharika wake, aliyezaliwa Katumba kwa wazazi waliotoka Burundi, ameposwa na kijana wa mjini. Posa imekubaliwa, mahari imetolewa, wala hapana ugomvi kati ya nyumba hizi mbili. Lakini alipokuja kuandikisha tangazo la ndoa, binti alimwambia mwalimu, "Naomba uniandike kwa jina la mume wangu tu. Jina la baba nisingependa lisomwe mbele ya watu." Mwalimu akamwuliza sababu. Akajibu kwamba kila alitajapo jina hilo, dukani au ofisini au kisimani, huulizwa, "Wewe ni mtu wa wapi?" naye amechoka kuulizwa. Kesho yake akaja baba mzee, amekwisha kusikia habari. Hakukasirika. Alisema tu, "Nilipovuka mpaka sikuwa na mzigo mwingine ila jina."

Basi mwalimu atuuliza: Je, ni haki mke kuliacha jina la babaye na kuchukua la mumewe? Na ikiwa ni mgeni, au mtoto wa wageni, shauri lake ni lile lile, au ni jingine?

Kwanza hatuna budi kuondoa kosa moja, maana limeenea katika sharika zetu. Wako wanaodhani kwamba mke Mkristo amepaswa kuchukua jina la mumewe, kana kwamba ni amri ya dini. Twaona sababu ya kudhani hivi. Wamisionari waliotoka Ujerumani walikuja pamoja na wake zao, na kila mke aliitwa kwa jina la mumewe. Wazee wetu walitazama, wakasadiki kwamba ndivyo Wakristo wafanyavyo. Lakini jambo hilo lilikuwa sheria ya nchi yao, wala si Injili. Kitabu cha sheria za Ujerumani kilichoanza kutumika mwaka 1900 kilisema wazi kwamba mke apata jina la mumewe. Mwaka 1957 mke aliruhusiwa kuongeza jina la kwao; mwaka 1976 mke na mume wakaruhusiwa kuchagua jina la mmoja wao liwe la nyumba nzima; na mwaka 1991 mahakama kuu ya katiba ikakata shauri kwamba wasipopatana, kila mmoja aweza kubaki na lake. Basi Wajerumani wenyewe wameliona neno hili kuwa la kibinadamu, lenye kubadilika. Tena mke wa Martin Luther, aliyeolewa mwaka 1525, ajulikana hata leo kwa jina la nyumba ya babaye, Katharina von Bora, wala hapana asemaye kwamba alikuwa mke mbaya kwa sababu hiyo.

Katika nchi yetu pia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kuacha jina lake. Na desturi za wazee wetu wa Katavi, Wabende na Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa, hazikufuata njia ya Wazungu. Mwanamke aliyeolewa alibaki mtoto wa babaye, na heshima yake mpya aliipata kwa mwanawe: akaitwa Mama wa fulani. Jina hilo halikufuta la kwanza. Lilikaa juu yake kama kanga juu ya nguo.

Sasa tuje kwa Warundi wenyewe, maana tusipojua majina yao tutaamua bila kusikia. Kwa desturi yao hapana jina la ukoo lishukalo kwa watoto wote. Kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa tumbo moja huweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Tena jina lile ni neno zima lenye maana. Hakizimana maana yake ni Mungu ndiye aokoaye. Ndayishimiye ni namshukuru Yeye. Niyonzima ni Yeye ndiye mzima. Mengine yaeleza taabu ya wazazi siku ile mtoto alipozaliwa, au ugomvi wa majirani, au msiba wa nyumba. Philippe Ntahombaye, mwana wa nchi ile, aliandika kitabu kizima juu ya majina haya, kilichotolewa Paris mwaka 1983, maana aliona kwamba ndani yake mmehifadhiwa mawazo ya watu. Na mke wa Kirundi aolewapo hubaki na jina lake.

Baba yule mzee, ambaye hatumtaji hapa, jina lake kwa Kiswahili lingekuwa: namtumaini Yeye. Alipewa na babaye. Hakulipitisha kwa wanawe kwa kuwa desturi yao haikumwagiza. Bali walipoingizwa shuleni, watoto waliandikwa kwa desturi ya Tanzania, jina la mtoto likifuatwa na la baba. Hivyo jina la mtu mmoja likawa la nyumba nzima, na mafarakano haya ya leo yametoka katika kalamu ya mwandishi wa shule.

Hebu tukumbuke pia namna watu hawa walivyofika. Mwaka 1972 maelfu na maelfu waliuawa Burundi, na wengi wakakimbilia kwetu. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973, na ya Mishamo mwaka 1978, katika nchi iliyokuwa pori la miyombo na mbung'o. Shirika la Kikristo la Kuhudumia Wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilishirikiana na Serikali na Umoja wa Mataifa katika kazi hiyo; kwa hiyo jambo hili latugusa sisi Walutheri. Wageni wale walikata miti, wakalima, wakauza mahindi na maharagwe hata nje ya makazi yao. Mwaka 2010 Serikali ilikubali kuwapa uraia watu wapata 162,000 katika wale wa 1972 na watoto wao. Lakini hati hazikutolewa mara moja, kwa kuwa kwanza ilikusudiwa watawanywe katika mikoa mingine. Ndipo mwaka 2014 zilipoanza kugawanywa, na watu wakaruhusiwa kukaa walipokuwa. Kwa miaka ile minne walikuwa wameuacha uraia wa zamani, na hati ya uraia mpya hawana mkononi. Watu waliokwisha kupita katika mambo hayo hawawezi kulihesabu jina kuwa kitu chepesi.

Basi turudi kwa binti. Twaona kwamba jina laweza kuachwa kwa njia mbili, na kwa macho zafanana. Njia ya kwanza ni ya zawadi. Mke ampenda mumewe, ataka waitwe kwa jina moja, na kwa hiari yake alichukua la mumewe. Hapo hapana kosa. Mwenye mali aweza kuitoa, na jina ni mali yake. Njia ya pili ni ya kujificha. Mtu alivua jina kama avuavyo nguo yenye doa, asionekane nayo. Yule wa kwanza akiulizwa juu ya babaye, atamtaja kwa furaha. Yule wa pili atanyamaza, na kila siku ataogopa siku ya kuulizwa. Mwanamke wa kwanza ameongeza nyumba; wa pili amepoteza moja.

Lakini je, ajifichaye atenda dhambi? Hapa tusiwe wepesi wa kuhukumu. Liisa Malkki, mwanamke msomi aliyekaa Mishamo na Kigoma katika miaka ya 1985 na 1986, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba wakimbizi wa Mishamo walishika sana habari zao na utaifa wao, bali wale wa mjini Kigoma wengi waliona heri wasijulikane, wakachanganyika na wenyeji kwa ndoa, kwa dini na hata kwa majina. Nani atawalaumu wa Kigoma? Walitaka kuuza samaki na kulala usingizi. Esta naye alikaa katika nyumba ya mfalme bila kutaja taifa lake, kwa shauri la Mordekai aliyempenda. Mtu akijificha mbele ya hatari, swali la kwanza si, "Kwa nini wajificha?" bali, "Ni nani akutishaye?"

Na tukiuliza hivyo, jibu latuchoma. Binti huyu hakimbii askari. Alikimbia swali letu. Sisi ndio tuulizao kisimani, tena si kwa kutaka kujua, kwa maana jibu twalijua tayari; twauliza ili akumbuke kwamba tumekumbuka. Nasi tuandikao haya tumewahi kuuliza hivyo, na kucheka baadaye. Raia aliyezaliwa Katumba, aliyesoma Katumba, mwenye hati iliyotiwa muhuri, aulizwa atokako na mtu ambaye pengine babaye alifika Mpanda kwa reli ya mwaka 1950 kutafuta kazi katika machimbo ya risasi. Katika nchi hii ya Katavi ni wachache mno ambao wazee wao hawakuja na mzigo kichwani.

Wengine watasema, "Mume na mke ni mwili mmoja, basi yafaa wawe na jina moja." Neno hili ni zuri, ila halithibitishi yatakiwayo. Ndugu wa Kirundi wenye majina mbalimbali ni ndugu kweli kweli, na wenye jina moja la ukoo twawajua wanaoshitakiana mashamba barazani. Umoja wa nyumba hukaa penye chungu na penye shauri, wala haukai katika kitabu cha mwandishi.

Wengine watasema kinyume: "Aachaye jina la babaye amemkana babaye." Hili nalo limepita kiasi. Baba huyu amempa bintiye mambo mengi zaidi ya jina, nayo hayafutiki kwa kalamu. Tena si haki kumfanya binti mmoja awe sanduku la kutunzia huzuni ya wazee wote waliokimbia. Yeye ana maisha yake ya kuishi. Baba akitaka jina lake likumbukwe, na amweleze bintiye maana yake, na siku ile lilipotolewa. Yamkini hajamweleza kamwe, kwa kuwa wengi waliotoka katika mauaji hawapendi kusimulia.

Tukitafuta mfano ulio karibu zaidi, twamwona Ruthu. Alikuwa mgeni, alikuwa mjane, alijifunga kwa hiari na watu wa mkwewe na Mungu wao. Walakini Boazi alipomtwaa kuwa mkewe, mbele ya wazee langoni, alimtaja waziwazi kuwa ni Mmoabi, tena alimtaja marehemu mumewe wa kwanza. Hakuficha neno. Wazee wakasikia, wakabariki. Na baada ya siku hiyo kitabu chamwita Ruthu tu. Hapana tena amkumbushaye Moabu. Tazameni utaratibu huu. Asili yake ilitajwa mara moja kwa heshima, na mwenye cheo ndiye aliyeitaja, ili asibaki mtu wa kuinong'ona. Sisi twafanya kinyume: siku ya heshima twanyamaza, na siku zote za kazi twakumbusha.

Basi, walimu na wazee wa sharika, shauri letu ndilo hili. Msimwambie bibi arusi ye yote kwamba amepaswa kubadili jina, wala kwamba amekatazwa. Mwulizeni peke yake, bila mchumba wala baba, ni kwa sababu gani. Akisema ni kwa upendo, mwacheni. Akisema ni kwa aibu, msianze kumshauri yeye. Anzeni na wale wanaomwaibisha, na kama ni wazee wa kanisa, waitwe. Katika tangazo la ndoa mwandikeni kwa jina alilo nalo siku hiyo, maana bado hajaolewa, na tangazo ni kwa ajili ya watu kumjua. Katika kitabu cha ndoa liandikwe jina la kuzaliwa, na la mume likiwapo liongezwe. La kwanza lisifutwe. Tena mwonyeni juu ya karatasi zake. Hati ya uraia, cheti cha shule na kitambulisho cha taifa vikiwa na majina yasiyopatana, ataulizwa maswali mengi kuliko yale ya kisimani. Akitaka kubadili, na abadili kwa hati iliyoandikishwa serikalini, wala asitegemee maneno ya mdomo.

Mwalimu aliyetuandikia asema kwamba Jumapili ya kwanza tangazo lilisomwa kwa jina la baba. Watu wawili wakageuka kumtazama binti. Mama mkwe, aliyeketi karibu naye, aliwatazama wale wawili hata wakageuka tena mbele. Zimesalia Jumapili mbili, na binti hajasema bado ataitwaje. Neno hilo ni lake. Letu ni kuona kwamba, atakapochagua, awe hana mtu wa kumwogopa.